Mpiga gitaa wa Malindi naenda New Orleans: muziki wa laivu wenyewe uko wapi?

RidhimuMalindi (Malindi)

Salaam aleikum ndugu zangu wa Pwani, na hamjambo nyote.

Mimi ni mpiga gitaa la ridhimu hapa Malindi. Bendi yetu hupiga kwenye hoteli za ufuoni, na msimu ukiwa mzuri tunapata kazi hadi Watamu. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, na wanachokitaka mnakijua: Jambo Bwana, Malaika, kisha chakacha moja ya kuwainua vitini kabla hawajaenda kulala. Siibezi kazi hii. Imenilisha na imewalipia wadogo zangu karo. Ila masika yakishaingia, hoteli nyingine hufunga kabisa na nyingine hubaki na wageni wa kuhesabika, na bendi ndiyo ya kwanza kuambiwa ikapumzike nyumbani. Msimu ukirudi, unakuta pahala pako kawekwa kijana na kompyuta na spika mbili.

Sasa Mungu kajaalia. Dada yangu mkubwa ameolewa New Orleans, kule Louisiana, kusini mwa Marekani, na amenialika. Viza ya matembezi imetoka, nitakuwa kwao mwezi wa kumi na moja. Mji huo nausikia tangu sijajua kushika kodi hata moja ya gitaa. Kila mwanamuziki mkubwa niliyekaa naye alikuwa akisema jazi imezaliwa pale. Lakini dada ni muuguzi wa zamu ya usiku na shemeji ni dereva wa lori, na wote wawili mambo ya usiku hawayajui. Shemeji ananiambia niende tu Bourbon Street kwa kuwa kila mtu huenda huko. Nimetazama video za Bourbon Street hadi macho yameuma. Taa naziona, watu na vikombe vyao nawaona, wapigaji siwaoni.

Naomba aliyefika anieleze. Muziki unaopigwa na watu wa pale kwa ajili ya watu wa pale uko wapi, na siku gani? Pombe sinywi, je, baa nitakaribishwa nikiagiza soda? Na kubwa kuliko yote: wenzetu wale wanaishije na muziki mji mzima, mwaka mzima, na sisi huku tunashindwa kuumaliza mwezi wa tano?

---

BahariaMstaafu (Mombasa)

Kaka, hongera sana, safari njema.

Nilikuwa baharia, na meli yetu ilikuwa ikipakia nafaka kwenye mto Mississippi, kwa hiyo mji ule nimeushuka mara kadhaa. Shemeji yako usimlaumu. Bourbon Street lazima uione, walau usiku mmoja, maana hujawahi kuona barabara ya namna ile. Sisi hapa sheria ya vileo ya 2010 inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Kule baa haina saa ya kufunga. Nyingine milango yake haijui kufuli. Tena mtu anatoka nayo bia yake barabarani, ruhusa, maadamu iko kwenye kikombe cha plastiki. Chupa ya kioo mtaani ndiyo inayokatazwa.

Tahadhari mbili. Umri wa kunywa kule ni miaka 21, kwa hiyo hata kama wewe ni wa soda, mlangoni utaulizwa kitambulisho. Beba pasipoti. Na pale Bourbon atakujia mtu akuwekee dau kwamba anajua viatu vyako umevipatia wapi. Usimjibu, pita. Jibu lake ni kwamba umevipatia miguuni mwako, hapo Bourbon Street, na ukishacheka tu anakudai pesa, na wenzake wako pembeni.

Muziki upo mwingi, lakini ni wa kukaribisha watalii, nyimbo za redio zinazojulikana. Kwa mpiga gitaa sijui kama utashiba.

---

MwanaLangoni (Lamu)

Mwanangu, waaleikum salaam. Hatashiba, Bwana Baharia, na ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Mimi ni mtu wa Langoni. Ujanani nilipuliza tarumbeta kwenye beni, na wazee wa hapa wanajua beni ilivyokuwa kitu kizito Lamu: Langoni na Mkomani, kila upande na tarumbeta zake, madramu yake, nguo zake na watunzi wake, na mashairi ya kuchomana hadi watu wasisalimiane. Desturi ile ilianza pwani yetu hii miaka ya 1890, watu walipoziona bendi za wanajeshi na za wamisheni wakachukua vyombo vile wakavitia maneno yao na mwendo wao. Naitaja kwa sababu maisha yalinipeleka New Orleans, nikafanya kazi jikoni kwenye mkahawa mmoja wa French Quarter, mtaa wa kale ilimo hiyo Bourbon Street, na kupanga chumba mtaa wa Tremé, na Jumapili yangu ya kwanza niliposikia tarumbeta zinakuja barabarani na umati nyuma yake, nilitoka mbio hata viatu sijafunga. Nilijua kitu kile. Nilikulia ndani yake.

Kwa hiyo swali lako la muziki wa watu wa pale nakujibu hivi: anza na barabara, ndipo uje kwenye baa.

Kila Jumapili mchana, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwezi wa sita, kuna msafara unaoitwa Second Line. Unaandaliwa na vyama vya mtaa vya Wamarekani weusi. Vyama hivi asili yake ni kusaidiana: watu walikuwa wakichanga ili mgonjwa apate dawa na maiti azikwe kwa heshima, enzi ambazo bima ya mtu mweusi haikuwapo. Mpaka leo wako, na kila chama kina Jumapili yake katika mwaka. Siku hiyo wanachama hutoka na suti za rangi moja, viatu vya rangi hiyo hiyo, mafeni ya manyoya mkononi, na bendi ya tarumbeta waliyoilipa wao. Hao ndio mstari wa kwanza. Mstari wa pili ni yeyote anayefuata, na wewe umo. Hakuna kiingilio, hakuna kamba wala mlinzi wa kukuuliza umetoka wapi. Watu hutembea na kucheza muda wa saa nne hivi, wanasimama kwenye baa za mtaani kupumzika, kisha wanaendelea. Nyuma na pembeni kuna magari ya kuuza nyama ya kuchoma na vijana wanaokokota makasha ya maji na soda kwenye barafu.

Novemba utaikuta imechachamaa, na joto limepungua. Njia ya kila Jumapili utaipata kwa redio ya jamii ya pale, WWOZ, 90.7 FM, ambao huitangaza na kuiweka kwenye tovuti yao. Redio yenyewe anza kuisikiliza kwa simu tangu sasa ukiwa Malindi. Utafika masikio yako yamekwisha kuzoea.

Ukiwa mle ndani, wewe mtu wa ridhimu, nenda moja kwa moja kwa wapiga ngoma. Kazi ya mpiga dramu mmoja wamegawana wawili. Mmoja ana snea, ngoma ndogo ya mlio mkali, kifuani. Mwingine ana besdramu, ile ngoma kubwa, na juu ya besdramu imefungwa sahani moja ndogo ya shaba. Mkono wa kulia una fimbo ya kupigia ngozi, na wa kushoto, tazama vizuri, ameshika bisibisi ya kawaida ya fundi, au kipande cha waya wa hanga ya nguo, na hicho ndicho anachopigia sahani. Mlio wake ni mkavu, unakata. Nilisimama ubavuni mwa mmoja wao chini ya daraja la Claiborne hadi mkono wake nikaukariri. Sikiliza pigo la nne, wanaliegemea kuliko mengine, na hapo ndipo miguu ya watu inaponyanyuka. Si mapigo sita ya chakacha. Ni nne, lakini nne inayoyumba, na huwezi kuiandika ikakaa sawa. Mkono wako wa ridhimu utapata kazi ya mwaka mzima kutokana na alasiri ile moja.

Na daraja lenyewe. Claiborne ilikuwa barabara pana ya watu weusi wa Tremé, na katikati yake safu ya mialoni mikubwa, watu wakifanya sherehe zao kivulini. Mwaka 1966 miti ilikatwa ili barabara kuu ya magari ipite juu kwa nguzo za zege. Biashara nyingi zilikufa. Watu hawakuondoka. Mpaka leo msafara ukifika chini ya lile zege, bendi husimama makusudi na kupuliza kwa nguvu zote, kwa sababu sauti inagonga juu na kurudi, na umati mzima unapaza. Wazee wanaoikumbuka ile miti wamo humo humo wanacheza. Mimi pale nilikuwa siwezi kuyazuia machozi, na sioni haya kusema.

Pita pia Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong, jirani kabisa na Tremé. Ni uwanja wa mawe tu wenye miti. Watumwa wa Kiafrika walikuwa wakikusanyika pale Jumapili kupiga ngoma zao na kuuza bidhaa ndogo ndogo, na sheria ya mji ya 1817 iliwawekea kwamba wasikusanyike kwa ngoma popote isipokuwa mahali pamoja watakapoonyeshwa. Nenda asubuhi, keti.

Sasa usiku. Toka Bourbon, vuka Esplanade, uingie Frenchmen Street. Mimi nilikuwa nikitoka kazini usiku mikono inanuka vitunguu naenda hapo kabla ya kulala. Ni barabara fupi, lakini kila baada ya hatua chache kuna mlango na bendi ndani yake: Spotted Cat, d.b.a., Blue Nile, Maison. Snug Harbor ni ya kukaa kitini na kununua tiketi, hapo jazi inasikilizwa kwa utulivu. Spotted Cat ni ndogo, bendi iko dirishani, na ukikosa nafasi ndani unasikia ukiwa nje. Kwenye makutano na mtaa wa Chartres mara nyingi utakuta vijana wa tarumbeta wanapiga barabarani, kasha la katoni mbele yao. Usiwapite ukadhani wale ndio wadogo na wakubwa wako ndani. Wengi wa waliomo ndani walianzia kwenye kona kama ile.

Ukiwa na nguvu ya kwenda mbali zaidi, panda tramu ya St. Charles, nauli dola moja na robo, ikupeleke upande wa juu wa mji. Huko kuna Maple Leaf, mtaa wa Oak, baa iliyofunguliwa 1974, ambako kwa miaka na miaka Jumanne ilikuwa ya bendi ya tarumbeta ya Rebirth Brass Band. Na kuna Tipitina's, karibu na mto, iliyofunguliwa 1977 na watu waliotaka Professor Longhair awe na mahali pa kupigia kinanda katika uzee wake. Sanamu ya kichwa chake iko mlangoni, na watu wanaiguza wakiingia. Mzee yule alifariki 1980, kwa hiyo hakupata miaka mingi. Lakini alipata jukwaa katika mji wake mwenyewe, akiwa hai, na hilo nalithamini sana, maana sisi tuna wapigaji waliofia vibarazani mwao bila hata kuulizwa habari.

Nimeandika mengi, macho yamechoka. Habari ya pesa nitairudia kesho inshallah.

---

MamaMaweni (Malindi)

Ami, Mungu akuweke. Nimesoma yote.

Niongeze la upande wangu, kwa sababu mimi nilifika kama mke wa mtu na ushungi wangu, mume wangu alipokuwa kwenye mafunzo huko. Baa sikuwa na haja nazo. Lakini muziki niliusikia, tena wa karibu kabisa, na nataka kaka yetu ajue kwamba mtu asiyekunywa ana mahali pake.

Paitwa Preservation Hall, mtaa wa St. Peter, hatua chache tu kutoka huo huo Bourbon. Pamekuwapo tangu 1961. Pombe haiuzwi ndani, na watoto wanaingia. Tiketi nunua mapema mtandaoni, maana chumba ni kidogo na hujaa. Nasema chumba kwa sababu ndicho kilivyo: kuta zimebambuka rangi, benchi chache za mbao, walio mbele wanakaa sakafuni juu ya mito, walio nyuma wanasimama. Hakuna maikrofoni. Mimi nilipata sakafuni. Mpiga klarineti alikuwa mzee mwenye koti na tai, na kiatu chake kilikuwa shibiri mbili kutoka goti langu. Nilikuwa nasikia vidole vyake vikigonga vile vifuniko vya shaba kabla sauti haijatoka. Alipomaliza kipande chake akavuta pumzi, akatoa kitambaa, akafuta midomo, akamwangalia mwenziwe wa tromboni kama anayemkabidhi mtoto. Muda wote ni kama dakika arubaini na tano. Nilitoka naona mtaa mzima una kelele tupu.

Kuhusu chakula uwe mwangalifu, kaka. Jumatatu kule ni siku ya wali na maharagwe mekundu, mji mzima, desturi ya tangu zamani kwa kuwa Jumatatu ilikuwa siku ya kufua na sufuria ilikuwa ikijipikia yenyewe jikoni. Utayaona, utafurahi, utadhani uko kwa mama. Uliza kwanza. Mara nyingi ndani yake kuna soseji au mguu wa nguruwe. Na ule mchuzi wao wa bamia unaoitwa gambo, hata ukiambiwa ni wa kamba na kaa, uliza vile vile kama kuna soseji. Hawachukii kuulizwa. Samaki wa kukaanga wapo wengi na wazuri, japo mafuta pia uliza.

Na kwenye baa, tangu 2015 kuvuta sigara ndani kumepigwa marufuku, kwa hiyo usiogope kurudi kwa dada yako unanuka.

---

RidhimuMalindi (Malindi)

Ami MwanaLangoni, shikamoo. Mama, shikamoo nawe. Sikutarajia majibu ya namna hii. Nimemsomea mpiga dramu wetu habari ya bisibisi na tayari ameanza kuijaribu kwenye hai-hati, zile sahani mbili za kukanyaga kwa mguu, jirani zake mniombee.

Nina mawili yamebaki. Huko kwenye bendi za tarumbeta sioni gitaa. Je, mtu wa gitaa ana nafasi gani? Na nikienda na gitaa langu, naweza kuomba kupanda jukwaani hata wimbo mmoja? Halafu ile ya maisha. Wanalipwaje?

---

FundiFidi (Malindi)

Mimi ni fundi wa sauti, kaka ananijua, tumefanya kazi pamoja. Nasubiri jibu hilo la malipo kwa hamu kuliko yeye.

Hapa Malindi naona mambo yalivyo tangu upande wa mikisa, mashine yangu ya kuchanganya sauti. Mwenye hoteli anaweka bendi kwenye hesabu moja na maua ya mapokezi. Akitaka kupunguza, anapunguza. Mteja wa mjini mwenyewe, mtu wa Ngala au wa Kisumundogo, hana pahala pa kwenda kusikia bendi yake, kwa sababu bendi iko ndani ya geti la hoteli na nje ya geti kuna dijei. Ngoma ya mwanzele unaikuta matangani kwa Wagiriama, taarabu unaikuta harusini, na ukitaka kuvisikia siku ya kawaida na shilingi zako mkononi, hupati. Wageni wanatuletea pesa, nashukuru. Lakini bendi isiyo na watu wake haiwezi kuvuka masika.

---

MwanaLangoni (Lamu)

Marahaba wanangu. FundiFidi, umelisema lililo moyoni mwangu, na nitalifikia.

Kwanza gitaa. Mji ule ni wa vinanda na tarumbeta, lakini gitaa lina heshima yake. Tafuta The Meters, bendi iliyoanza 1965, usikilize gitaa la Leo Nocentelli. Linaacha nafasi. Anapiga kidogo sana, na kila alipopiga pana sababu. Pia sikiliza Snooks Eaglin, kipofu, alifariki 2009, mtu mmoja akisikika watatu. Na kwenye jazi ya zamani kazi ya ridhimu inafanywa na banjo, ambayo wewe mkono wako utaielewa siku hiyo hiyo.

Mtu wa banjo ninayetaka umjue ni Danny Barker. Aliishi New York miaka mingi akipiga na wakubwa, akarudi kwao New Orleans 1965, akakuta bendi za tarumbeta zimebaki za wazee watupu. Vijana hawazitaki. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye kanisa la Fairview, akakusanya watoto wa mtaa, akawafunza, akaunda bendi. Kutokana na watoto wale wakatoka wapigaji kwa makumi, na moto ule ndio uliozaa Dirty Dozen Brass Band 1977, kisha Rebirth 1983, bendi iliyoanzishwa na vijana wa shule akiwamo Kermit Ruffins. Huyu Kermit leo ana baa yake mwenyewe, Mother-in-Law Lounge, hapo hapo Claiborne, na kumkuta nje anachoma nyama kabla ya kupanda jukwaani ni jambo la kawaida. Nenda ukale, uliza nyama gani.

Kwa hiyo usione tarumbeta zile ukadhani hazikuwahi kufikia ukingoni. Zilifikia, na mtu mmoja aliyezeeka alikaa chini na watoto.

Kupanda jukwaani: viza yako ni ya matembezi, kwa hiyo malipo usipokee, hata ya bahasha, hata mtu akikusihi. Hilo halina mjadala, usije ukajiharibia na safari nyingine. Kupiga wimbo mmoja kwa heshima ni jambo lingine, lakini usiwaombe wakiwa wanapiga. Subiri wapumzike, tia kitu kwenye ndoo yao kwanza, msalimu kiongozi, mwambie unatoka wapi na unapiga nini. Ni watu wakarimu. Na jiandae na ki zao, yaani sauti wanazojengea nyimbo. Wapuliza tarumbeta wanapenda B-flati, E-flati na F. Wewe uliyezoea G na C na E ya wazi, kaa na kodi hizo usiku mzima kabla hujaondoka, usije ukapewa nafasi ukaanza kutafuta vidole.

Malipo. Baa nyingi za Frenchmen hazitozi kiingilio. Bendi inaishi kwa ndoo ya bakshishi inayozungushwa, na mara nyingi fungu la mauzo ya kaunta. Ndiyo maana utatakiwa uagize walau kinywaji kimoja kila seti, na soda ni kinywaji, hakuna atakayekutazama vibaya. Kila ukiagiza, muachie dola moja mtu wa kaunta. Ndoo ikifika kwako, tia noti, usitie sarafu. Beba noti ndogo ndogo za kutosha.

Wala usidhani wanaishi kitajiri. Nilimjua mpiga tromboni aliyekuwa akipiga kona mchana, baa jioni, na baa nyingine usiku, na asubuhi anabeba mizigo. Bima ya matibabu wengi hawana, hata ikabidi mwaka 1998 ifunguliwe zahanati maalumu kwa ajili ya wanamuziki. Na baada ya kimbunga Katrina, 2005, wengi walipoteza nyumba, na mitaa kama Tremé kodi ya nyumba ikapanda hadi wapigaji wenyewe wakahamia mbali na misafara inayopita mlangoni pao pa zamani. Hilo ni jeraha, na watakuambia ukiwauliza.

Wanachotushinda ni hiki alichokisema FundiFidi. Bendi zao zina watu wao. Mgeni akija anaukuta muziki ukiendelea, na akiondoka anauacha ukiendelea, kwa sababu chama cha mtaa kimelipa Jumapili, msiba umelipa Jumamosi, harusi imelipa Ijumaa. Maiti anasindikizwa makaburini kwa mwendo wa taratibu, wimbo wa huzuni, na wakishamuaga, snea inabadilisha, na mtaa mzima unarudi ukicheza kwa ajili yake. Mpiga tarumbeta wa pale hangoji hoteli ifunguliwe.

Sisi Lamu tulikuwa nayo. Zefe ya maulidi bado tunayo, na siku ile hakuna mtu wa Lamu anayeuliza nani kalipa. Harusini bado kuna vugo la kina mama. Beni ndiyo inayozimika, na vyombo vingine vimo majumbani vinapata kutu. Mimi tarumbeta yangu ninayo na mdomo bado una nguvu. Ukirudi, pita Lamu na gitaa lako na huyo mpiga dramu wa bisibisi. Nina wajukuu wanne, na wenzao wa kichochoro, hawana la kufanya alasiri.

---

RidhimuMalindi (Malindi)

Ami, nitakuja. Nimeshamwambia mpiga dramu. Sina neno jingine.

Ila la mwisho kabisa: Second Line niende peke yangu? Dada anaogopa, anasema kuna mitaa ya hatari.

---

MwanaLangoni (Lamu)

Dada yako ana haki ya kuogopa, mji ule una bunduki. Fika mapema, saa sita umeshakula, uwepo wanapoanzia. Kaa karibu na bendi, kwenye wazee na kina mama, usibaki nyuma kabisa wala usijitenge kwenye vichochoro. Simu mfukoni, picha chache, na wanachama waombe ruhusa kabla hujawapiga usoni. Wakimaliza, usitembee kurudi kwa miguu njia usiyoijua. Shemeji yako akufuate na gari. Mwambie aje nusu saa kabla, aegeshe, ashuke. Akishasikia besdramu hatakumbuka lori lake liko wapi.